Kabati la Koleo

Mlango ulipogongwa, mwalimu mkuu alikuwa amepiga magoti nyuma ya meza yake, ncha ya ulimi nje, akichomeka waya mwembamba kwenye tumbo la chombo cha anga. Waya ukashika. Madirisha yote ya chombo yakawaka kwa mpigo, na injini mbili za nyuma zikang'aa nyekundu.

"Hodi, Mwalimu," sauti ya mwanamke ikasema.

Akainuka haraka. Mzazi aliyemwita alitakiwa kufika mchana, na chai ya asubuhi ilikuwa haijanywewa bado. Alikibeba chombo kwa mikono miwili kama kitoto kichanga, akakitumbukiza kabatini katikati ya maboksi ya chaki, akausukuma mlango kwa goti. Kisha akavaa koti, akavaa na uso wake wa kazini, akaenda kufungua.

Shuleni walimwita Koleo, kwa kuwa alichokikamata hakikuponyoka. Manati, karata, mipira ya soksi, vyote viliishia kwenye kabati lile, na sheria yake aliijua hata mtoto wa chekechea: kitu kitarudi mwisho wa muhula, mkononi mwa mzazi, kikiwa kama kilivyochukuliwa. Hapo pa mwisho ndipo palipomshinda safari hii.

Koleo alimkamata binti mmoja wa darasa la tano mlangoni pa ofisi hii hii, wenzake wakiwa wamekwishapanga mstari. Alikuwa amekumbatia boksi lililofungwa kwa karatasi ya kaki, kama daftari linavyojalidiwa, ujanja ambao Koleo aliujua tangu enzi na enzi. Binti alifungua mdomo aseme. Koleo akamwambia mwenye kosa haongei, akamsimamisha mbele ya shule nzima na boksi lake juu ya kichwa, wengine wapate funzo. Mtoto hakulia. Alitazama viatu vyake tu.

Ndani mlikuwa na vipande vya plastiki vya kuunganisha chombo cha anga. Koleo alilifungua boksi ili ahakikishe hakuna kilichopotea. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Akaunganisha mabawa mawili, apime tu kama yanashikana. Mchovya asali hachovyi mara moja. Mitihani ilipoanza chombo kilikuwa kimesimama kizima, naye akakiona kimepooza bila taa. Akatoboa madirisha kwa sindano ya moto. Akapaka ndani rangi nyeusi ya ubao, mwanga usipenye kwenye plastiki bali utokee madirishani. Akakikatakata kifuniko cha kalamu yake nyekundu ya kusahihishia, akavivika vile vipande vitaa vya injini.

Aliona aibu, tena aibu yenyewe. Mtu mzima na mvi zake anajifungia ofisini kuchezea mali ya mtoto aliyemwadhibu kwa kuwa nayo! Mlango aliutia ufunguo kila mara, ingawa dirisha hakuwahi kulifikiria pazia. Akikutana na yule binti kwenye varanda, aligeuka akajifanya anasoma matangazo ukutani. Na kila alipokaa apange la kumwambia mzazi, mkono ulienda wenyewe kwenye waya.

Sasa mzazi ndiye huyu, fundi cherehani, futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni. Alimwamkia shikamoo, akaitikiwa, akaketi kwenye kiti kinachotazamana na kabati. Alikuwa na furaha usoni, na furaha hiyo ikamzidishia Koleo kiwewe. Akasema yeye naye alisoma hapa hapa, ila Mwalimu hawezi kumkumbuka, wamepita wengi. Kisha akauliza ile meli ya anga inaendeleaje.

Koleo alikusudia kusema kweli. Alifungua kinywa kabisa aiseme.

"Panya, mama," akasema. "Ofisi hii ina panya wabaya. Wametafuna boksi na vyote vilivyokuwemo. Nisamehe sana."

Aliyasikia maneno yake mwenyewe na masikio yakamwaka moto. Walikuwa panya wale wale waliokula kazi za nyumbani za watoto wote aliowahi kuwaita waongo.

Mama yule aliikunja futi yake kidoleni.

"Basi pole, Mwalimu," akasema. "Maana ilikuwa yako."

Koleo hakuelewa.

"Mimi ndiye niliyemtuma mtoto akuletee. Ile karatasi niliifunga mwenyewe. Akarudi akaniambia umeipokea, umefurahi, na unaniita mwisho wa muhula. Nikajua unaniita unishukuru." Akatabasamu, lakini si sana. "Nikiwa darasa la tano ulininyang'anya meli ya anga niliyoiunda kwa maboksi ya maziwa. Nikaja kuchungulia dirishani hapo, nione umeiweka wapi niiibe. Nikakuona unairusha juu ya meza, unanguruma kwa mdomo. Sikumwambia mtu hata mmoja. Nilisema tu, nikiwa mkubwa nitamtafutia Mwalimu ya kwake."

Koleo alitafuta pa kuuweka uso wake asipaone. Lakini mama hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akitazama nyuma yake, kwenye ufa wa mlango wa kabati.

"Na hao panya wako," akasema taratibu, "naona wameshavuta umeme."