Nungunungu na Lugha Ngumu

Palikuwa na Nungunungu aliyetengeneza programu ya kuandikia kwenye kompyuta, na wanyama wote wakawa wanaitumia. Siku moja akajiwa na Fuko, ambaye haoni.

"Mzee, nataka kuiongezea sauti, inisomee ninachoandika. Tuchagulie lugha nyepesi ya kuiandikia kompyuta nyongeza, ili kila mmoja aweze kuongeza lake."

Nungunungu aliipenda mno kazi yake, akaogopa wataiharibu. Akachagua lugha ngumu kuliko zote, aliyoijua yeye peke yake.

"Anayetaka kuongeza kitu, ajifunze hiyo kwanza," akasema.

Fuko alijaribu mpaka akachoka, akaondoka. Wengine nao wakamfuata mmoja mmoja, wakahamia kwenye programu ya Kicheche, iliyokuwa na lugha mbovumbovu lakini rahisi.

Nungunungu alipojikuta hana mtu, uchungu ukampeleka huko. Akamkuta Fuko anaandika, na sauti aliyoiongeza mwenyewe inamsomea kila neno.

"Lugha hii ni mbaya, Fuko."

"Mbaya kweli, mzee. Lakini nilipiga hodi, ikanifungulia."

Nungunungu akailaza miiba yake, akaketi kando ya Fuko, akaomba afundishwe lugha hiyo.