Kivinjari Ndani ya Gemu

Tangu mama yao aondoke, baba alipiga marufuku simu nyumbani. Saumu alibaki na gemu yake ya mkononi tu. Alasiri moja dada yake, Mwanahawa, alimchungulia akiingia kwenye mipangilio na kubonyeza palipoandikwa “Msaada”. Kivinjari cha intaneti kilichofichwa kikafunguka, na maneno ya mama yalikuwamo: “Kipenzi changu, umekula?”

“Tangu lini?” Mwanahawa aliuliza.

“Tangu mfungo. Alinikataza nisikwambie. Anasema wewe ni wa upande wa baba.”

Wivu ulimshika Mwanahawa. Aliichukua gemu mikononi mwa mdogo wake, akaandika polepole: “Mbona mimi huniulizi kama nimekula?”

Jibu lilikuja upesi. “Nani anaandika?”

Kidole cha Mwanahawa kilisimama juu ya herufi ya kwanza ya jina lake.