Njia ya Mgonjwa Mmoja

Daktari mkuu alikuwa amekaa kwenye benchi la wagonjwa, miguu mitupu, ndani ya gauni la kijani lisilofungika nyuma, kwa sababu Dada Mkubwa alimwambia akae hapo asubiri.

Basi akasubiri. Angefanyaje? Kliniki nzima ilikuwa imepakwa rangi kwa ajili ya wiki hii, na kila aliyeegemea ukuta aliondoka na alama mgongoni. Walikuwa wakisubiri ukaguzi wa kupewa cheti cha ithibati, na bila cheti hicho wasingeruhusiwa tena kutibu saratani. Asubuhi hiyo karani wa mapokezi alikuwa mwepesi kupita kiasi: Dada Mkubwa kaingia mlangoni, hajamaliza hata salamu, kadi ya MKAGUZI iko shingoni mwake na chai imeshaagizwa. Chai yenyewe hakuigusa.

Daktari alijitia kitanzi kwa mdomo wake. Katika kujipendekeza alisema amesikia siku hizi ukaguzi ni kufuata njia ya mgonjwa mmoja, toka anapoingia getini mpaka anapotoka. Dada Mkubwa akamtazama toka kichwani mpaka viatuni.

"Sawa," akasema. "Leo mgonjwa ni wewe."

Daktari alicheka. Alipoona anacheka peke yake, akaanza kuvua viatu.

Daktari hakumtambua. Dada Mkubwa alimtambua daktari toka mlangoni, kwa sauti tu. Alimchukia mtu yule kwa chuki iliyokwisha kupoa na kuganda, chuki unayoweza kulala nayo na kuamka nayo bila kupiga kelele. Nyumbani wadogo zake walimwita Dada Mkubwa, na kwa jinsi alivyoogopwa, hata shangazi zake walimwita hivyo hivyo. Kitindamimba wao alikuwa ametaka kumsindikiza leo. Alimkatalia, akasema hahitaji mtu wa kumshika mkono.

Kwenye benchi wagonjwa walisogeana kumpisha daktari. Mzee mmoja mwenye kofia alijifanya anakohoa, lakini mabega yalikuwa yanacheka. Daktari alivuta gauni huku, likafunguka kule. Sakafu ilikuwa ya baridi na alikuwa akipandisha mguu mmoja juu ya mwingine. Alipouliza kama inatosha, Dada Mkubwa akamjibu kwamba wagonjwa huwa hawaambiwi.

Miaka ya nyuma mama yake Dada Mkubwa alikaa kwenye benchi hilo hilo. Alivua ndala kwenye chumba cha vipimo, akatolewa nje, na hakuna aliyemwambia kwamba anaweza kurudi kuzichukua. Kwa hiyo majibu yake aliyapokea miguu mitupu, amesimama koridoni, huku mtu wa usafi akimwomba apishe ndoo. Daktari huyu huyu alimwambia, akiwa anatembea: imeshasambaa, bibi, nenda nyumbani. Mama akasema ahsante. Ahsante hiyo ndiyo iliyomtafuna Dada Mkubwa miaka yote.

Akamwashiria muuguzi. Muuguzi akaita:

"Namba kumi na tisa."

Daktari akainuka, mkono mmoja nyuma ukishika gauni. Dada Mkubwa hakumpeleka chumbani. Alimsimamisha pale pale koridoni, katikati ya watu, akapaza sauti.

"Imeshasambaa, mzee. Nenda nyumbani."

Kikohozi cha mzee wa kofia kikakatika. Daktari alijua ni mchezo, kila mtu alijua, lakini rangi ilimtoka usoni na mkono ukaliachia gauni.

"Imesambaa wapi?" akauliza, kabla hajajikumbuka.

"Mama yangu naye aliuliza hivyo," Dada Mkubwa akasema. "Aliniuliza mimi, jikoni. Hapa hakupata wa kumuuliza."

Sasa ndipo daktari alipomtazama vizuri. Akauliza, taratibu, mama yake alikuwa nani.

"Namba kumi na tisa."

Ilikuwa tamu. Asiseme mtu kwamba kisasi hakina utamu. Dada Mkubwa alimtazama daktari akitembea kurudi ofisini, mgongo wazi, akamfuata nyuma bila haraka, akiwa ameubana mkoba kwapani.

Ofisini daktari alivaa koti lake juu ya gauni, akakaa nyuma ya rundo la mafaili ya siku hiyo. Hakujitetea. Alisema anajua watanyimwa cheti na hatabishana, aandike anavyoona. Dada Mkubwa hakuwa ameandika neno lolote toka asubuhi.

"Niambie kwanza ilitakiwa iweje," akasema.

Daktari alisugua uso. Mlango ufungwe, akasema. Mgonjwa akae, na daktari naye akae. Aitwe kwa jina. Aulizwe kama yuko tayari kusikia. Aambiwe kwa maneno anayoyaelewa, kisha aachwe aulize mpaka maswali yamwishie, na asiharakishwe.

"Kumbe unayajua yote."

"Nayajua."

Hilo lilimuuma Dada Mkubwa kuliko yote. Alikuwa amejiandaa kukutana na mjinga.

Akainuka, akafunga mlango. Akavuta kiti, akakaa mbele yake, akavua ile kadi shingoni na kuiweka juu ya mafaili.

"Mkaguzi wenu sijui atakuja lini," akasema. "Mimi nimekuja kuchukua majibu ya titi langu. Haya, daktari. Anza na jina."