Kofia ya Pacha

Akanbi alifunika nusu ya lenzi kwa karatasi nyeusi, akampiga binti picha akiwa ameketi upande mmoja wa benchi. Sasa ilibaki zamu ya pacha wake wa kiume, aliyezikwa kabla ya mavuno ya viazi vikuu.

Kwa miaka ishirini ya kuzunguka vijijini na kamera yake, kazi hii alikuwa ameizoea. Pacha aliyebaki huketi mara mbili, na katika picha ile ile moja watoto hutokea wawili.

Mama yao akamvisha binti kanzu na kofia ya marehemu, akamhamishia upande wa pili. Akanbi akahamisha karatasi.

"Mzee wa picha, fanya upesi, jua linaniunguza!" binti akalalamika.

"Tulia, bwana mdogo," Akanbi akamtania.

Binti akacheka, akaisukuma kofia ikalalia sikio la kushoto.

Mama akaganda. "Ndivyo alivyokuwa akiivaa," akanong'ona.

Akanbi akapiga. Kazi ikawa imekwisha.

"Tayari?" Binti alikwishainua mkono avue kofia.

Akanbi akamtazama mama, ambaye bado alikuwa ameikazia macho kofia ile, kisha akakiingiza tena kichwa chini ya kitambaa cheusi cha kamera.

"Bado," akasema. "Kaa hivyo hivyo."