Ushahidi wa Jamvini

Siku hizi hakuna bloga anayeruhusiwa kuuza kitu mpaka watu wa nyumbani kwake wamtolee ushahidi mbele ya kamera, lile jicho la ukutani. Biubwa, anayeandika mapishi na kuuza bizari zake, alikuwa ameshinda mtihani huo kwa kishindo. Nyota ya ubingwa iliwaka juu ya mlango wake, oda zilimiminika kutoka Tanga hadi Tunduma, na nyumba nzima iliishi kwa bizari hizo. Lakini kilichomvimbisha kichwa hasa ni sifa za mama mkwe wake, Bi Mwanakheri, ambaye zamani hakuwahi kumsifia hata chai.

Mchana ule jicho likawaka tena kuchukua ushahidi. Bi Mwanakheri akafinya tonge la wali wa nazi, akala, akatamka kwa sauti, "Mashallah! Huyu ndiye fundi."

Biubwa akatabasamu mpaka masikioni, naye akala. Wali ulikuwa chapwa kabisa. Alikuwa amesahau chumvi.

"Mama," akauliza taratibu, "chumvi vipi?"

Bi Mwanakheri akalitupia jicho la ukutani macho, kisha akainamia sinia.

"Imekolea, mwanangu. Kama siku zote."