Nguvu za Bi Mwanamize

Kila nyumba ilikuwa na mizani iliyochambua mwili, unene mbali na nguvu mbali. Mlezi alipanda peku kila Ijumaa; nguvu zikipungua mno, mtoto alihamishiwa nyumba ya malezi.

Bi Mwanamize, aliyemlea mjukuu wake Saumu, alikuwa akipungua nguvu kila wiki. Ijumaa moja alitoka kuoga, akajipaka mafuta ya nazi hadi nyayoni kama kawaida yake, akasahau kuyafuta nyayoni kabla ya kupanda mizani.

“Nguvu zimepanda. Hongera, Bibi,” mizani ikasema.

Kumbe mafuta ya nyayoni yameichanganya.

“Shoga, unakula nini?” jirani yake Bi Hadia akamtania. “Mbona sisi wenzio tunanyauka?”

“Uji tu, mwenzangu.”

Tangu hapo hakufuta tena nyayo kabla ya kupanda. Miezi minne alisifiwa, na Saumu akabaki nyumbani.

Alasiri moja Saumu alikwea nondo za dirisha hadi juu, akaogopa kushuka.

“Bibi, nishushe!”

Bi Mwanamize akamshika, akajaribu kumbeba. Hakumuweza.

“Shikilia hapo hapo, mama. Bibi anavuta pumzi.”

Akataka kumwita Bi Hadia, akaogopa udhaifu wake kujulikana. Akamkumbatia miguu, akasubiri, asijue mikono ya nani itachoka mwanzo.