Kibao Chepesi

Kila baada ya miaka mitatu mji ulihama kukimbia maji. Makaburi yaliachwa, vibao vyake vikabebwa, kila mtu na wafu wake. Ndiyo maana Mwanakombo, fundi wa vibao, alihangaika mpaka akapata kibao cha bua la mkonge kisichooza, chepesi kama unyoya. Watu walimshukuru mno.

Siku ya tatu ya safari, jirani yake Sikitu alimjia na kanga tupu mkononi.

"Shoga, nimemwangusha mume wangu."

"Wapi?"

"Ningejua si ningerudi? Sikuhisi chochote."

Mwanakombo alimpa pole. Sikitu alipoondoka, Mwanakombo alitoa kibao cha mwanawe, akakifungia jiwe zito, akakibeba tena. Mgongo ulipoanza kumuuma, akashusha pumzi.